Shangazi, nesi aliniuliza kama nina furaha nikamwambia ndiyo

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, mtoto amelala na baba yake yuko kazini. Nisipoituma leo nitaifuta tena.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miaka 27. Nilimfuata mume wangu hapa Leeds, Uingereza, mwishoni mwa 2023. Yeye alikuja kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee, mimi nikaja kama mke wake. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, sasa ana miezi mitatu. Ni mzima, ananyonya vizuri, kila anayemwona anasema amenawiri. Mgonjwa ni mimi, ila sijui naumwa nini.

Nilijifungua kwa operesheni ya dharura. Uchungu ulianza vizuri, halafu mashine ikaanza kulia, chumba kikajaa watu, wote wananisemesha kwa haraka, na Kiingereza changu ni cha dukani. Nikaletewa karatasi nikasaini. Mpaka leo sijui kilitokea nini. Nikifumba macho naona zile taa za chumba cha operesheni.

Dada yangu alipojifungua nyumbani, arobaini nzima hakuosha hata kikombe. Mama alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akafungwa mkaja, uji wa pilipili manga haukauki jikoni, mashangazi wanapokezana mtoto. Mimi narudi kutoka hospitali, kidonda bado kinavuta, nasimama jikoni kupika. Mama aliomba viza aje kunilea, wakamnyima. Mume wangu alipewa likizo ya wiki mbili, zikaisha, akarudi kwenye zamu za usiku. Akija asubuhi analala. Sasa ni Januari, saa kumi jioni giza limeshaingia. Kuna siku inakwisha sijafungua mlango.

Silali hata mtoto akilala. Chakula sikitamani. Nalia bafuni, maji yakiwa wazi ili nisisikike. Mtoto akilia mwili wote unatetemeka. Halafu kuna picha zinanijia: nikishuka naye ngazi namwona anaanguka, namwona kabisa. Tunakaa ghorofa ya tatu, basi nimeacha kushuka. Na tangu wiki iliyopita kuna wazo jingine, naona aibu kuliandika. Kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine angekuwa na bahati, na mimi nikilala nisiamke itakuwa nafuu kwa wote. Sijapanga kufanya kitu. Ila mwanzo wazo hilo lilikuwa linanitisha, sasa halinitishi.

Mtoto alipokuwa na wiki saba alikuja nesi na karatasi ya maswali kumi. Mume wangu ndiye aliyetafsiri. Niliulizwa kama naweza kucheka, kama najilaumu, kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nikajibu niko vizuri, nina furaha. Ningesema nini mbele yake? Na kabla nesi hajafika alishanionya: angalia maneno yako, hawa wakisikia akili yako haiko sawa watamchukua mtoto na viza yetu itaharibika. Si mtu mbaya, Shangazi. Amechoka na anaogopa. Mama mkwe anasema kwa simu kwamba nitakuwa nimeingiliwa na jini, anataka nisomewe.

Mama yangu nikiongea naye kwa video najipaka wanja kwanza, kisha nacheka. Anawaita majirani waje kumwona mjukuu wa Ulaya. Namwanzaje?

Chini kuna mama mmoja Mkongo, tukikutana ananisalimu kwa Kiswahili na kuuliza hali ya mtoto. Nimewahi kutaka kumwambia, nikaogopa habari zitazagaa.

Huu ni ugonjwa, au ni mimi sina shukrani? Na nikisema ukweli nitanyang'anywa mwanangu?

Mzazi, Leeds

Marahaba mwanangu.

Ni ugonjwa. Nitakueleza vizuri, lakini kwanza tushike lile uliloona aibu kuliandika, maana mengine yanaweza kungoja kesho na hilo halingoji.

Wazo kwamba usipoamka itakuwa nafuu kwa wote ni dalili ya ugonjwa huu, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Halikukujia kwa sababu wewe ni mama mbaya. Ila uliposema sasa halikutishi, hapo mimi nilitishika. Usilale nalo peke yako usiku mwingine. Ukimaliza kusoma aya hii piga 111, sauti ya mashine ikianza kueleza chagua 2. Utaunganishwa na wahudumu wa afya ya akili wa eneo lako, usiku na mchana, bila malipo. Neno la kwanza unalohitaji ni "Swahili interpreter", basi. Watakutafutia mkalimani kwenye simu. Kunaweza kuwa na kimya kirefu wakimtafuta; usikate. Na wazo likianza kugeuka kuwa mpango, au ukahisi hujiamini kubaki peke yako, piga 999 au nenda kitengo cha dharura cha hospitali, na umpigie mumeo aache kazi arudi nyumbani. Hakuna zamu yenye thamani kuliko hilo. Hata kama mambo hayajafika huko, mumeo au mtu mwingine mzima ajue leo kwamba wazo hilo lipo.

Sasa tuzungumze ugonjwa wenyewe. Wataalamu wetu wanauita sonona baada ya kujifungua. Kukosa usingizi hata mtoto akilala, kupoteza hamu ya kula, mwili kutetemeka, kujiona hufai, yote uliyoyaandika yamo. Wanawake wengi hulia siku ya tatu au ya nne maziwa yanapoingia, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yako yana miezi, kwa hiyo hayo siyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote wanawake wapatao 10 kati ya 100 walio na mimba, na 13 kati ya 100 waliojifungua, hupata ugonjwa wa akili, na mwingi wake ni sonona. Katika nchi zinazoendelea kadirio linapanda hadi karibu 16 kwa wajawazito na karibu 20 kwa waliojifungua. Hesabu hiyo ya mwisho nimekupa makusudi, kwa sababu naona umejishawishi kwamba ungebaki Tanga yasingekupata. Huenda. Kukandwa, kulishwa, kupokewa mtoto ukapata kulala ni msaada mkubwa kwa mzazi na wewe umeukosa. Una haki ya kuulilia. Lakini hata kwetu wanawake wanaugua ndani ya arobaini, wamezungukwa na watu, na wanaambiwa wana shetani, au wanadeka, au wamepigwa jicho. Wapo walioishi na ugonjwa huu miaka bila mtu kuwapeleka hospitali. Wewe uko mahali ambapo nesi alikufuata mpaka sebuleni na swali mkononi. Shida ni kwamba swali lilikufikia kupitia mdomo usiofaa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naona ndipo mambo yalipokwama. Yale maswali kumi yalitungwa Uskoti na daktari John Cox pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, yakachapishwa 1987, baada ya kuonekana kwamba wanawake wengi waliojifungua walikuwa wanaugua huku wahudumu wakipita bila kuwatambua. Kila swali linahusu siku saba zilizopita na lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, jumla 30. Kwa kawaida mwenye 13 kwenda juu huangaliwa kwa karibu. Lile la kumi, la kujidhuru, linafuatiliwa hata kama mengine yote umepata sifuri. Na katika maelekezo waliyoyaandika watungaji wenyewe limo hili: mama ajibu mwenyewe, na ichukuliwe tahadhari asijadiliane majibu yake na watu wengine. Yaani waliojua jambo hili walishaona kwamba mwanamke hawezi kusema ukweli wa moyo wake huku mumewe au mkwewe anasikiliza. Wewe ulijibishwa kupitia mumeo. Majibu yale hayakuwa na maana hata siku yalipoandikwa, na usijilaumu kwamba ulidanganya.

Mwongozo wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huko, unataka mkalimani wa kazi, na hautaki jamaa wa mgonjwa wafanye kazi hiyo. Ni bure. Unaweza kuomba mwanamke. Unaweza pia kuomba awe kwenye simu badala ya kuja, hasa kama unaogopa kukutana na Mswahili mnayefahamiana. Wa kwenye simu anaweza kuwa anakaa mji mwingine kabisa, na amefungwa na sharti la kutunza siri. Maswali yenyewe yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, muulize nesi kama anaweza kukuletea uyasome kwa macho yako. Mwambie yarudiwe. Huna haja ya kueleza kwa nini mara ya kwanza ulijibu vile. Sema tu, "siku ile sikuwa huru kusema." Manesi wa kazi hiyo wameshalisikia neno hilo kwa wanawake wengi.

Kuhusu mtoto kuchukuliwa. Hofu hii nimeikuta kwa wanawake wa Kitanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi waliohamia Ulaya, na naamini inawaumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Sitakuahidi kwamba watu wa ustawi wa jamii hawajawahi kuondoa mtoto nyumbani. Hutokea, pale mtoto anapodhurika au anapokuwa hatarini kweli, na kumtenga na wazazi wake kwa muda mrefu ni jambo la mahakama. Mama mwenye sonona anayeomba msaada hayuko kwenye kundi hilo. Daktari na nesi wanamhesabu kuwa ni mama anayemlinda mtoto wake. Utaratibu wa matibabu wenyewe umejengwa mama na mtoto wasitengane: Uingereza kuna wodi za mama na mtoto, ambapo mama aliyezidiwa sana analazwa pamoja na kichanga chake, ananyonyesha na kutibiwa humo humo. Leeds ipo. Sikuambii kwamba utalazwa, wengi wanatibiwa wakiwa nyumbani kwao. Nakuambia ujue kwamba hata mlango wa mwisho kabisa ukifunguliwa, mtoto anaingia na wewe.

Viza. Matibabu ya NHS hayamo katika ile misaada ya serikali mliyokatazwa kuchukua. Viza ya wahudumu wa afya na ya wategemezi wao imesamehewa hata ile ada ya afya wanayolipa wengine, kwa hiyo hakuna bili inayokungoja. Kutibiwa sonona hakuvunji sharti lolote la viza yenu. Na dawa, mzazi wa huko hanunui wala hakopi: mpaka mtoto atimize mwaka mmoja dawa za daktari ni bure kwako, kwa kile cheti cha msamaha wa uzazi. Kama hukupewa wakati wa ujauzito, mwombe mkunga, nesi au daktari akuombee sasa.

Hizo picha za mtoto kuanguka kwenye ngazi nilizisoma polepole, na nataka uelewe zilivyo. Zinawapata wazazi wengi, hata wasiougua, na kwa mwenye sonona au wasiwasi mwingi zinazidi. Akili iliyochoka inaogopa kwa niaba ya mtoto, inakuchorea baya ili ukae macho. Wewe zinakutisha, umeacha kushuka ngazi kwa kumhofia. Huyo ni mtu anayemlinda mtoto. Mwelezee daktari zilivyo, hatashtuka. Jaribu pia kuanza kushuka tena mumeo akiwa mbele yako, kwa sababu kila siku unayojifungia ndani zile picha zinapata nafasi zaidi.

Kuna hali nyingine tofauti kabisa, nairudia kwa wote wanaosoma, na hasa kwa waume. Mwanamke aliyejifungua karibuni, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, akianza kusikia sauti, kuamini kwamba mtoto si wake au ana kitu cha ajabu, kukesha bila kuchoka huku akizungumza asiyoeleweka, hicho ni kichaa cha uzazi. Humpata mmoja au wawili katika kila wanawake 1,000. Ni dharura ya saa hiyo hiyo, hospitali, hata kama jana alikuwa mzima. Kinatibika vizuri. Wewe mwanangu sioni dalili hizo katika barua yako.

Daktari wako wa mtaa, yule mnayemwita GP, ndiye wa kuanza naye kesho. Mwambie apime damu. Baada ya operesheni wengi wanaishiwa damu, na tezi ya shingo huweza kuvurugika baada ya kuzaa ikaleta uchovu na huzuni vinavyofanana na sonona au vinavyoizidisha. Atakueleza tiba ya mazungumzo, na kwa England unaweza hata kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwake. Wajawazito na waliojifungua wanapewa kipaumbele, na mkalimani yupo. Kwa hali ulivyo, anaweza kukupeleka kwenye timu maalumu ya afya ya akili ya wajawazito na wazazi. Anaweza kukupa dawa. Zipo ambazo mama anayenyonyesha anatumia, sertraline ni mojawapo na kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Mwambie unanyonyesha, achague. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na ni katika wiki hizo za kungoja wengi wanaziacha wakisema hazifai. Usiziache mwenyewe.

Jua limekupotea, na hilo nalo lina sehemu yake. Uingereza wanashauri kila mtu ameze vitamini D mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Mtoto anayenyonya anapewa matone yake. Haitaondoa sonona, lakini ni ya bei ndogo na mwili wako unaihitaji.

Ile operesheni. Una haki ya kujua uliyofanyiwa. Hospitali nyingi za huko zina utaratibu wa mkunga kukaa na mama, kufungua faili lake na kumweleza hatua kwa hatua: mashine ililia kwa nini, nani aliamua, ile karatasi ilisema nini. Omba kikao hicho kupitia daktari au nesi, na mkalimani awepo. Hakina muda wa kupitwa. Ulilazwa mezani ukiwa na hofu ya kufa, watu wanazungumza lugha usiyoifuata, halafu ukapewa mtoto ukaambiwa hongera. Mtu anabaki na zile taa machoni kwa sababu hakuna aliyemwambia hadithi yake mwenyewe. Zikiendelea kukurudia, zikikuamsha usingizini, liseme kama jambo la pekee, kwa sababu lina tiba yake tofauti na ya sonona.

Mumeo namtaka asome hapa.

Mwanangu, hujamtesa mkeo na yeye mwenyewe amekutetea. Lakini ulimfunga mdomo siku aliyohitaji kuufungua. Ripoti za vifo vya akina mama Uingereza zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya kuzaa, kujiua ndiyo sababu inayoongoza kati ya vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi. Hilo ndilo la kuogopa, kuliko barua ya uhamiaji. Utakachofanya ni kidogo na kinawezekana. Mwache azungumze na daktari bila wewe. Kaa nje na mtoto. Usiku ambao huna zamu, au asubuhi ukirudi, umpe saa nne au tano za kulala mfululizo. Maziwa yakamuliwe kabla au mtoto apewe chupa moja ya kopo, hatadhurika. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi wa huko anaweza kuomba kubadilishiwa saa zake tangu siku yake ya kwanza kazini. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa kisheria, lakini lazima akusikilize, basi omba zamu za mchana kwa miezi michache. Na kama wewe mwenyewe umeelemewa, wanaume nao wanaugua mtoto akizaliwa, daktari ni huyo huyo.

Mama mkwe usigombane naye. Kisomo si kibaya, usomewe kwa simu ukitaka, na uswali unavyoweza. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia watu wajitibu, kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Mwambie mkweo unafanya yote mawili. Akiendelea kusema umeingiliwa, mumeo ndiye amjibu mamaye, wewe huna nguvu hiyo sasa.

Mama yako mpigie bila wanja. Mpigie saa ambayo majirani hawapo, sema, "Mama, tangu nijifungue naumwa, sina raha, nimeanza kwenda hospitali." Atalia. Mwache alie. Kisha mpe kazi, kwa sababu mama aliyenyimwa viza na hana cha kufanya anateseka zaidi: awe anapiga saa fulani kila jioni, simu iwekwe mezani wewe ukila, akuone mpaka sahani iishe. Nimeona wazazi wakilelewa hivyo kutoka mbali, na inasaidia.

Yule jirani Mkongo sikulazimishi umweleze ugonjwa wako. Mwombe kitu kidogo kwanza, akushikie mtoto uoge kwa utulivu. Utamwona alivyo kwa namna anavyompokea. Wanawake wengi wa Kongo waliofika huko wamezalia njiani, kambini, na katika nchi za watu. Hayo uliyoyapitia hayatakuwa mageni kwake. Nesi atakuelekeza pia kituo cha familia cha eneo lenu, kinamama na vichanga hukutana pale bure. Kiingereza cha dukani kinatosha kwa kuanzia. Hili lakini liwe la wiki zijazo, usiku huu nguvu zako zitumie kwenye simu.

Kesho asubuhi zahanati nyingi za madaktari wa mtaa hufungua laini saa mbili, na foleni hujaa dakika zile zile, kwa hiyo uwe umeshika simu kabla. Taja jina lako, sema umejifungua miezi mitatu iliyopita, una mawazo ya kutotaka kuishi, unataka daktari leo na mkalimani wa Kiswahili. Sema hivyo hivyo, usipunguze. Mapokezi wakisikia "nina huzuni kidogo" watakupa tarehe ya mbali. Wakikuambia nafasi zimekwisha, rudia maneno ya mawazo hayo, na wakishikilia, rudi kwenye 111 namba 2. Nesi wako namba yake iko ndani ya kile kitabu chekundu cha mtoto, mpigie yeye pia siku hiyo hiyo. Ukikataliwa mkalimani popote, andika tarehe na jina la aliyekukatalia, uniletee, nitakuonyesha namna ya kupeleka malalamiko. Na kesho jioni niandikie, hata mstari mmoja, unijulishe daktari amesema nini.

Shangazi